Msalaba mwekundu kwenye kitambaa cha mama: jumuiya walisema wa dini, wanawake wa ziwani wakasema wa udaktari

Wakuu, salaam kwenu nyote, walioko macho na wanaosinzia makazini.

Mimi humu ni msomaji tu. Naingia, nasoma, nacheka, natoka. Lakini juzi kuna mkuu mmoja kaleta uzi wa kutuhimiza "be yourself", eti mtu akishajitambua yeye ni nani hayumbishwi na makundi. Watu wakagonga like mpaka basi.

Mimi nilikasirika. Sijui hata kwa nini, maana mtu wa watu hakunitukana. Nimekaa na hasira hizo siku kadhaa, leo nikasema ngoja niandike, labda nikiandika nitaelewa ninachokasirikia.

Ninayosimulia yalinikuta mwenyewe na siongezi chumvi. Majina tu nimebadilisha, maana wengine bado wapo na wana watoto humu humu.

Mimi kwetu ni Mbuji, Mbinga, kule juu. Baba yangu Mmatengo, mkulima wa kahawa na mahindi, mtu wa kanisani asiyekosa sala za jumuiya hata mvua inyeshe ya mawe.

Mama alikuwa Mnyasa wa Lipingo, kule chini ziwani. Alipandishwa mlimani kama bi harusi akiwa msichana mdogo, kazaliwa Mwanglikana, akaolewa akawa Mkatoliki, na hakulalamika. Au kama alilalamika basi sisi wanae hatukusikia.

Niliambiwa kwamba msimu wake wa kwanza shambani walimcheka sana. Kwa wasiojua, kwetu tunalima kwa ngolo: wanaume wanafyeka na kupanga majani, wanawake wanafukia kwa jembe, mlima mzima unabaki mashimo mashimo ili mvua isiondoke na udongo. Shangazi zangu walisema huyu mtu wa ziwani anachimba kama anatafuta alipodondosha shilingi. Mama akanyamaza, akachimba. Miaka ilivyokwenda ikawa wanawake wanamwita aje awaonyeshe mabinti zao.

Naomba hilo mlishike, kwa sababu najua kuna watakaosema mlimani alikuwa anaigiza. Mtu haigizi ngolo, mgongo unaouma ni wako.

Nyumbani alikuwa mpole kupita kiasi. Hata jina lake mwenyewe lilishapotea, watu wote walimwita Mama Editha kwa jina langu mimi mtoto wa kwanza. Harusi zikija yeye yuko jikoni. Wenzake wakitoka kucheza, anasema magoti yanamuuma. Nimekua nikijua mama yangu ni mtu wa magoti.

Sasa zikaja zile enzi za ruksa. Biashara ruksa, mitumba ruksa, kila mwenye miguu anauza kitu. Kahawa nayo ikawa haieleweki, leo chama cha msingi, kesho mnunuzi binafsi na mzani wake, baba anarudi nyumbani hajui amshike nani.

Hapo ndipo mama, kwa sauti yake ile ile ya chini, akasema atajaribu usipa.

Usipa ni dagaa wa Ziwa Nyasa, wakuu, kama hujala usipa wa kuchoma na ugali wa muhogo wewe bado hujafika mjini. Mama akawa anapanda lori, anashuka Lipingo kwa ndugu zake, anakaa huko wiki, wakati mwingine zaidi, anarudi na matenga. Tukila, tukisomeshwa, ni usipa huo. Mimi ualimu wangu ni usipa.

Akichelewa, baba akiulizwa mkeo yuko wapi, anajibu anasubiri usipa ukauke. Hakuna aliyewahi kujiuliza usipa gani huo unakauka kwa wiki mbili jua likiwaka.

Nimalize hapa utangulizi, nije kwenye msiba.

Mama alifariki miaka ya tisini katikati, kiangazi, mimi nikiwa mwalimu mpya shuleni Ukata na mwanakwaya. Asubuhi kichwa kilimuuma, jioni akawa haongei, kesho yake hatuna mama. Wakasema presha. Sina maneno ya kuandika hapo, naomba nipite.

Simu hazikuwepo. Tukatuma habari Lipingo kwa dereva wa lori la samaki, tukasubiri ndugu zake wapande.

Tulipokuwa tunasubiri, wanawake wa jumuiya wakaingia chumbani kumwandaa. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Anjela, mwanamke mwema sana, nasema hivi kabla sijaendelea ili msimhukumu. Akaniuliza marehemu alikuwa na nguo gani nzuri.

Mimi nikakumbuka. Kwenye sanduku la mama kulikuwa na gauni jeupe, refu, limenyooka, na aliwahi kuniambia nikifa mnivalishe hili. Wazee wengi wanajiwekea nguo hivyo, sikuona ajabu. Nikalitoa.

Ndani ya gauni kulikuwa na kitambaa cha kichwani, cheupe, kimeshonewa msalaba mwekundu mbele, pale paji la uso.

Mama Anjela alipouona ule msalaba akapiga magoti. Akalia. Akawaambia wenzake oneni Mama Editha alivyojiandaa, sisi tunajiita wacha Mungu hata kitambaa hatuna. Wakamvalisha, wakamfunga kile kitambaa vizuri, msalaba ukakaa katikati, na rozari mikononi. Habari ikatoka nje kwa wanaume, baba akajisikia faraja. Nami nilijisikia faraja, siwezi kukataa.

Kesho yake mchana lori likaja kutoka ziwani.

Tulitegemea wajomba. Wajomba walikuwepo, wawili, wamekaa mbele na dereva. Huko nyuma wakateremka wanawake, wengi, wa rika la mama, wote wamevaa magauni meupe.

Wakuu, yalikuwa magauni yale yale. Mshono ule ule, kola ile ile.

Hawakuja wakipiga mayowe kama watu wanaoingia msibani. Walijipanga mistari barabarani, mmoja mrefu mweusi mwenye filimbi shingoni akatangulia, wakapanda kimya mpaka uani. Watu walifungua njia bila kuambiwa.

Yule mrefu akawaamkia wazee shikamooni, akasema yeye anaitwa Kapteni, wao ni watu wa kioda, na wameomba kumwona Dokta wao.

Baba akamwambia, "Mama, hapa hakuna daktari, huu ni msiba wa mke wangu."

Kapteni akajibu kwa heshima kabisa, "Ndiyo baba, huyo huyo."

(Naona kuna mkuu ameshauliza hapo chini kioda ni nini, ngoja nimjibu. Kioda ni ngoma ya wanawake wa Kinyasa. Wanavaa sare nyeupe, wanajipanga mistari kama askari, na wana vyeo: kuna kwini, kuna kapteni, kuna manesi, kuna dokta. Wanaume nao wana yao, mganda. Vyeo hivyo watu wanaviheshimu kweli, usidhani ni utani.)

Mimi ndiye niliyempeleka Kapteni ndani. Alipofika kwenye jeneza akamtazama mama, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema, "Mmemvalisha cheo."

Akanieleza polepole kama anavyoelezwa mtoto. Gauni halina shida, kila mchezaji anazikwa na gauni lake. Lakini kitambaa chenye msalaba ni cha Dokta wa kikundi, si cha mtu. Aliyekuwa nacho kabla ya mama alivuliwa, na wa kabla ya huyo pia. Kikiingia kaburini, udaktari umezikwa, na kikundi hakiwezi kuweka mwingine. Kwa hiyo wamekuja kumvua, mambo ya kuzika wanatuachia sisi.

Mama Anjela alikuwa upande wa pili wa jeneza na rozari yake. Akasema hakuna mtu atakayemvua Mkristo msalaba akiwa maiti, labda yeye awe ameshakufa.

Na mimi nikawa katikati yao, na mama amelala.

Kwetu jambo la ukoo likizuka linapelekwa sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kuamua mambo yao. Mwenye sengu alikuwa baba mkubwa Damiani, kaka yake baba. Tukaitwa wote watatu, Kapteni, Mama Anjela na mimi, tukasimama mbele ya wanaume.

Kila mmoja akasema lake. Mama Anjela alisema Mama Editha hakukosa sala, hakusengenya mtu, alikuwa anakaa mwisho wa benchi na hajawahi kuinua sauti.

Kapteni akamgeukia kama amesikia habari za mtu mwingine. Akasema Dokta alikuwa na mdomo, kikundi kizima kilikuwa kinamwogopa, hata yeye Kapteni alikuwa anasutwa mbele za watu.

Baba akasema, "Mke wangu hakuwa mtu wa kucheza ngoma. Nimekaa naye mimi."

Baba mkubwa akafikiri. Halafu, kwa bahati mbaya yangu, akanigeukia mimi.

"Editha. Wewe ndiye binti yake, umekua kwenye kanga zake. Ule msalaba ni wa nini?"

Watu wote wakanitazama. Sasa sikilizeni kilichonichanganya, maana ule msalaba niliuona ukishonwa upya. Ilikuwa barazani, mchana kweupe, mama ana sindano na kipande chekundu kilichobaki kwenye sare za kwaya, anashonea juu ya msalaba wa zamani uliochakaa. Nikamuuliza mama, huo wa nini? Akanitazama akasema, "Ni msalaba, huuoni?" Akaendelea kushona.

Hakunidanganya. Na hakuniambia.

Nikamjibu baba mkubwa, "Sijui."

Akasema, "Mwalimu mzima hujui mama yako alikuwa nani?"

Wakuu, kuulizwa hivyo mbele za watu na mama yako hajazikwa, ni afadhali upigwe. Nilitamani kusema alikuwa mtu wa jumuiya, maana huyo ndiye niliyekula naye na kulala naye. Lakini niliwaona wale wanawake uani, wamekaa chini kwenye mistari yao na magauni yale, na kila mmoja alikuwa analia kwa kumlilia mtu. Mtu hawezi kupanda milima ile nyuma ya lori kumlilia mtu ambaye hakuwepo.

 Nilichokuwa nacho ni mikono. Nikaondoka pale bila kuaga, nikaingia ndani, nikamwambia mama yangu samahani, nikamfungua kile kitambaa. Kisha nikavua changu cha kwaya kichwani, nikamfunga nacho. Rozari sikuigusa.

Mama Anjela alikuwa amenifuata nyuma. Akaniambia, "Umemvua mama yako msalaba wake." Hakunisemesha tena mpaka mwaka uliofuata ulipokaribia kwisha, na sikumlaumu, kwa sababu mpaka leo sijui kama hakusema kweli.

Baba mkubwa akatoa uamuzi wake: mazishi ni ya kanisa, ngoma haipigwi uani. Wakishazika, wanawake wa ziwani wafanye yao kule barabarani kwenye lori lao.

Tukamzika. Jumuiya waliimba, wale wa ziwani walisimama mistari na kuitikia nyimbo walizozijua. Mtu asiyejua angedhani tumepanga.

Baada ya hapo nilitakiwa nikae na wafiwa nipokee rambirambi. Kapteni akaja akaninong'oneza kwamba kitambaa hakiendi Lipingo mikononi. Lazima kiende kichwani. Mtoto wa kike wa Dokta akiwepo, anavalishwa yeye kwanza, akikataa ndipo wanatafuta mwingine.

Nikamtazama baba. Alikuwa anatazama udongo. Nikamfuata Kapteni.

Huko barabarani walikuwa na vigoma viwili vidogo. Kapteni akanifunga kitambaa, msalaba mbele. Nikamwambia, Kapteni, nikuambie ukweli, mimi sijui kucheza, nimekulia mlimani, na mama yangu hakunifundisha.

Akashangaa. "Nani kakuambia ucheze? Dokta hachezi. Dokta anakagua."

 Kumbe mama miaka yote hiyo hakucheza. Wenzake wakicheza yeye alikuwa anapita kati ya mistari na filimbi, anatazama nani mchafu, nani amechoka, nani anaumwa, anamtoa kwenye mstari akapumzike. Kwa hiyo baba alisema kweli. Na Kapteni alisema kweli. 

Vigoma vikaanza, wakacheza, taratibu, miguu inavuta vumbi. Nikasukumwa kwenye mistari. Wa kwanza nikamuuliza kama nilivyoelekezwa, "Unaumwa wapi?" Akasema mguu. Wa pili akasema usingizi. Wa tatu, mwanamke mnene mzee, akasema mume wake alikwenda Songea na hana habari zake. Nikagundua hawaigizi, wananiambia kweli, na walikuwa wanamwambia mama hivyo hivyo.

Nikafika kwa mmoja ambaye gauni lake lilikuwa na doa la matope begani. Na hapa ndipo sielewi, wakuu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe nikamwambia, kwa sauti kubwa, "Hili gauni limefuliwa na wewe au na mumeo?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Kicheko cha msibani, kile kinachotoka na machozi. Kapteni akajishika kichwa akasema ni yeye, jamani ni yeye, bado kicheko chake tu.

 Mimi si mtu wa mizaha. Waulize niliowafundisha Ukata kama waliwahi kuniona nikitania. Na sikuwahi kumsikia mama akitania hata siku moja, kwa hiyo sikuiga. Sauti ile niliitoa wapi? Je, ilikuwa ndani yangu siku zote ikisubiri watu wa kuisikia, au wale wanawake ndio walionivalisha pamoja na kitambaa? Mkuu wa "be yourself", nijibu wewe uliyejitambua.

Wakaniomba nibaki na cheo. Nikakataa. Sikujua kama ninakataa kwa sababu sikitaki au kwa sababu kule juu watu wa jumuiya walikuwa wananitazama. Wakamvalisha yule mnene mzee, wakapanda lori, wakashuka zao. Ziwa halionekani kutoka pale, lakini nilisimama nikitazama upande wake mpaka vumbi likatulia.

Nikarudi Ukata, chaki na fimbo kama kawaida. Nilijaribu siku moja ofisini kuwatania walimu wenzangu kwa sauti ile. Haikutoka. Wakaniuliza kama naumwa.

Sasa la mwisho, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Likizo iliyofuata nilikuwa nyumbani na baba, tunapukuchua mahindi. Tangu msiba hakuwa ametaja habari za wale wanawake, nami sikuthubutu. Ghafla akauliza, bila kuinua kichwa:

"Kule alikuwa anacheka?"

Nikamwambia ndiyo baba, wamesema alikuwa anacheka sana, kicheko chake kinafika kabla yake.

Akapukuchua hindi zima mpaka likabaki gunzi. Akasema, "Mimi nilidhani si mchekaji. Nilidhani ndivyo Mungu alivyomuumba, nikamheshimu."

Nilitaka kumfariji nikamwambia baba, pengine huku alikuwa na amani tu ya aina nyingine. Sijui kama hata mimi niliamini. Yeye akanitazama vizuri, nafikiri kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto.

"Na wewe je, Editha? Wewe unachekea wapi?"

Wakuu, nikainama. Nilijifanya nafuata ungo. Baba naye alishatangulia, na swali lake limebaki kwangu.

Nimeolewa, nimezaa, nimestaafu. Kwaya najulikana kama mtu wa nidhamu. Kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa najulikana kama mkali. Kwa wakwe zangu ni mpole, naambiwa hivyo na nakubali. Wote hao ukiwaita kwenye msiba wangu watagombana, na hakuna atakayekuwa mwongo.

Somo langu, kama ni somo, ni dogo tu. Kama mama yako bado yupo, siku moja mfuate kwenye kundi lake usilolijua, awe sokoni, awe kwenye kikoba, awe kwenye ngoma. Usimwite pembeni. Kaa nyuma umtazame anavyokuwa kule. Usije ukaulizwa mbele ya watu ukajibu "sijui" kama mimi.

Wanasaikolojia mliomo humu nipeni shule, sitakasirika. Wenye kejeli nanyi pia, nimefundisha watoto maisha yangu yote, nimezoea. Lakini kabla hujaandika comment yako, nijibie kwanza lile swali la baba, maana mimi limenishinda: wewe unachekea wapi, na huko nyumbani kwako wanajua?